Hedifoni za Bluetooth kukata kata na kulia vibaya: mara nyingi tatizo siyo lile unaloambiwa dukani

Ukipita Makoroboi hapa Mwanza jioni ukaulizia hedifoni za Bluetooth au vile vidogo vya kuchomeka sikioni, kitu cha kwanza utakachotajiwa ni namba. "Kaka hizi ni 5.3, zile zako zilikuwa 5.0 ndo maana zilikuwa zinakusumbua." Unageuza boksi unakuta na "9D" imeandikwa kwa herufi za kung'aa, muuzaji anakuwekea wimbo mmoja wenye besi nzito, kichwa kinatikisika, hela inatoka. Kesho yake uko njiani unapandisha Bugando, sikio la kushoto linakata, linarudi, linakata, unaanza kumlaani yule kijana wa watu kwamba kakuuzia feki.

Inawezekana kakuuzia feki kweli, sibishi. Ila watu wengi wanachokiita "hedifoni mbovu" ni matatizo matatu yasiyohusiana kabisa: kuna mawimbi kushindwa kufika sikioni, kuna wimbo kubanwa sana ili upite hewani, na kuna spika yenyewe na jinsi inavyokaa kwenye tundu la sikio lako. Kila moja lina dawa yake, na ile namba kwenye boksi haigusi sana hata moja.

Tuanze nayo hiyo namba tuimalize. Bluetooth 5.0 ilitoka 2016, na yale matangazo ya "masafa mara nne, spidi mara mbili" yalihusu Bluetooth ile ya kutumia umeme kidogo, inayotumiwa na saa za mkononi, vipimo vya mwili na vitu vya namna hiyo. Muziki kwenye hedifoni nyingi mpaka leo unapita njia ya zamani, Bluetooth ya kawaida, ambayo spidi yake mara ya mwisho kupandishwa ilikuwa 2004 kwenye toleo la 2.0, ikafika megabiti 3 kwa sekunde, basi. Afu simu na hedifoni zinapokutana zinakubaliana kwa kile ambacho zote mbili zinakijua, kwaiyo hata ukiwa na hedifoni ya 5.3 kwenye simu ya 4.2 muziki unapigwa vizuri tu. Faida ya namba kubwa mara nyingi ni kwamba ndani kuna chipu mpya zaidi, na chipu mpya inakula chaji kidogo na kushika mawimbi vizuri zaidi, ila hilo ni sifa ya chipu, namba yenyewe haikuahidi kitu. Na 9D haina maana yoyote, ni mapambo.

Sasa mawimbi, na hapa tukae kidogo kwa sababu ndo kwenye malalamiko mengi.

Bluetooth inatumia masafa ya kuanzia megahezi 2,400 mpaka 2,483.5. Ni kipande cha hewa ambacho nchi nyingi zimekiacha kitumike bila leseni, na kitu kisicho na leseni kila mtu anaingia: waifai iko humo, mausi na kibodi zisizo na waya zimo, na mikrowevu ya jikoni ikiwa inapasha ugali nayo inavujisha kidogo humo humo. Bluetooth inaishi kwa kukwepa. Imekigawa kipande hicho kwenye chaneli 79 za megahezi 1 kila moja na inarukaruka kati yake mara 1,600 kwa sekunde, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 ilifundishwa kuzitambua chaneli zenye fujo na kuziruka. Ni ufundi mkubwa kwa kweli. Lakini chaneli moja tu ya waifai inameza kama megahezi 20, kwaiyo waifai tatu za jirani zikijipanga kila moja na sehemu yake, Bluetooth inabaki kuchungulia kwenye nyufa. Ukiwa stendi ya Nyegezi saa za mabasi kuondoka, mamia ya simu, kila ya tatu imewasha hotispoti, hapo hata hedifoni ya bei mbaya inaweza kugugumia na siyo kosa lake.

Tena Bluetooth yenyewe inaongea kwa sauti ndogo sana. Raouta ya waifai inaweza kurusha milliwati 100. Bluetooth ya daraja la pili, ambalo vifaa vingi vidogo vimo, mwisho wake ni milliwati 2.5, na ile mita 10 inayotajwa ni mita 10 pasipo na kizuizi.

Na kizuizi kikubwa kuliko vyote ni wewe mwenyewe. Mwili wa mtu zaidi ya nusu yake ni maji, na maji yanayameza mawimbi ya masafa haya vizuri mno. Simu ukiiweka mfuko wa nyuma kulia, na hedifoni yako ni ya aina ile ambayo sikio la kushoto ndo linapokea kutoka kwenye simu afu linamrushia mwenzake, basi mawimbi yanatakiwa yapite kwenye paja, nyonga, tumbo na kifua, na hayapiti. Yanayofika sikioni ni yale yaliyozunguka, yakagonga ukuta, dari, gari, yakarudi upande wako.

Ndo maana kuna kitu kinawachanganya watu sana. Mtu anakwambia hedifoni zangu chumbani ziko safi, ofisini safi, ila nikienda Capripoint kutembea kando ya ziwa, hamna waifai, hamna watu, hewa nyeupe kabisa, zinaanza kukata. Anadhani ni upepo. Lakini chumbani kuna kuta nne na dari na mabati, mawimbi yaliyozuiwa na mwili yanadunda na kumfikia kwa njia nyingine, ila ukiwa uwazini hamna cha kudunda isipokuwa ardhi, yanaenda zake moja kwa moja mpaka Ukerewe hayarudi. Unaweza kujaribu hili kwenye kivuko cha Kamanga: panda juu kwenye uwazi, simu mfuko wa nyuma upande ulio mbali na sikio linalosumbua, tembea huku unageuza shingo, utasikia inakatika. Afu shuka chini ndani kwenye vyuma, kaa katikati ya watu, mara nyingi inatulia japo hapo ndo kuna simu nyingi zaidi, kwa sababu chuma pande zote kinarudisha mawimbi. Na ukiwa juu pale pale ukaitoa simu ukaiweka mfuko wa shati, tatizo linaisha. Hujabadilisha hedifoni, hujabadilisha namba, umebadilisha mfuko.

Kwa hizi za masikio mawili yasiyo na waya kati yake kuna jambo la kuongeza. Za zamani kidogo, na nyingi za bei chee mpaka leo, zina sikio moja mkubwa na lingine mdogo wake: mkubwa anapokea kila kitu, mdogo anarushiwa. Shida ni kwamba kati yao kuna kichwa, na kichwa nacho ni maji. Kwaiyo ukiona sikio moja tu ndo linakata, na ni lile lile kila siku, ujue huyo ndo mdogo. Za kisasa zaidi kila sikio linasikiliza simu lenyewe, na hiyo ni tofauti ya kweli ambayo inafaa kulipiwa hela, kuliko hiyo 5.3. Sijawahi kuona boksi la elfu kumi na tano likieleza kitu hicho.

Kitu kingine kinachosababisha kesi nyingi huku kwetu na hakisemwi ni hotispoti. Simu nyingi za bei ya kati na ya chini, waifai na Bluetooth ziko kwenye chipu moja na zinashea antena moja. Ukiwasha hotispoti ya masafa ya 2.4 ukamgawia mwenzako bando, halafu wewe mwenyewe unasikiliza muziki kwa Bluetooth, hivyo viwili vinapokezana antena: sekunde kidogo huyu, sekunde kidogo yule. Mwenzako akianza kupakua muvi, wimbo wako unakatika vipande. Kama simu yako inaruhusu kuiweka hotispoti kwenye gigahezi 5, iweke huko, mwenzako akiwa na simu inayoshika hiyo 5 mambo yanaisha. Kama hairuhusu basi chagua, bando la rafiki au muziki.

Ila kabla hujalaumu Bluetooth kwa lolote, hakikisha ni Bluetooth. Ukiwa unasikiliza moja kwa moja kutoka mtandaoni na neti ikalegea pale unapozunguka nyuma ya mawe ya Mabatini, wimbo utasimama tu, kimya cha sekunde kadhaa, afu utaendelea pale ulipoishia. Bluetooth ikikata haisimami hivo, inatafuna: maneno yanaruka, sekunde zilizopotea hazirudi. Kipimo chake ni rahisi, piga wimbo ulio ndani ya simu yenyewe, zima data, tembea. Wimbo usipokata, mchawi alikuwa neti. Na kama muziki unazimika kabisa kila baada ya dakika kadhaa ukifunga kioo, hiyo ni simu yako inabana matumizi ya betri na kuua apu ya muziki, nenda kwenye setingi za betri uitoe hiyo apu kwenye kifungo.

Haya, mawimbi yamefika. Sasa mbona sauti bado siyo ile?

Wimbo wa CD ambao haujabanwa unahitaji kilobiti 1,411 kwa sekunde: sampuli (yaani vipimo vya sauti) 44,100, biti 16 kila moja, mara mbili kwa ajili ya kushoto na kulia. Bluetooth ina megabiti 3 kwenye karatasi, lakini ukitoa muda wa kukwepa, wa kurudia pakiti zilizopotea na wa kusubiri majibu, haiwezi kubeba hiyo kwa uhakika. Kwaiyo wimbo unabanwa kabla ya kurushwa na unafunguliwa ukifika, na kanuni ya kubana na kufungua ndo inaitwa kodeki. Fikiria dagaa wa Mwaloni: anaanikwa akauka ili gunia moja libebe wengi wasafiri mpaka Dar, huko akiwekwa majini anajaa tena, ni dagaa kweli na ni mtamu, lakini siyo yule aliyetoka ziwani asubuhi. Kodeki hizi za Bluetooth nyingi ndo hivo, kinachotolewa hakirudi, ujanja ni kutoa kile ambacho sikio halitakikumbuka.

Ya lazima kwa kila hedifoni ni SBC, ambayo kwa ubora wake wa juu wa kawaida inakimbia kilobiti 328 hivi. AAC ndo iPhone inaipenda, kama 256. aptX inafika 352, aptX HD inafika 576, na hizi zinataka simu yenye chipu inayokubaliana nazo. LDAC ya Sony ina gia tatu, 330, 660 na 990, na tangu Android 8 ya mwaka 2017 imo kwenye Android yenyewe japo siyo kila mtengeneza simu anaiwasha. iPhone haina LDAC wala aptX, ina SBC na AAC, kwaiyo ukimuona mwenye iPhone ananunua hedifoni kwa sababu ya LDAC mwambie taratibu.

Watu wanaitukana SBC kupita kiasi. SBC ikipewa kilobiti zake zote na hedifoni ikawa nzuri, wengi wetu tukiwa kwenye daladala hatutaijua tofauti. Shida inakuja pale simu inapoibana zaidi kimya kimya, au pale wimbo wenyewe ulipokuwa umeshabanwa zamani. Na hapa tuseme ukweli, nyimbo nyingi zilizomo kwenye simu zetu zilitoka wapi? Kwa yule jamaa wa kurusha nyimbo kwenye memori kadi, au umetoa sauti kwenye video, faili la kilobiti 128 ambalo limeshapita mikono mitano. Hiyo ukiirusha kwa LDAC ya 990 unachosafirisha kwa usahihi mkubwa ni ule ubovu. LDAC yenyewe ukiiacha ijichagulie, pale Nyegezi stendi itashuka mpaka 330, na ukiilazimisha ibaki 990 itakata kata, kwa sababu data nyingi zaidi inataka hewa tulivu zaidi. Mtu akiniuliza namwambia aweke kipaumbele kwenye muunganisho kuliko ubora akiwa njiani. Ukitaka kuona unatumia kodeki gani kwenye Android, nenda kuhusu simu, gonga bild namba mara 7 mpaka setingi za wasanidi zifunguke, humo ndani utaikuta sehemu ya kodeki ya sauti za Bluetooth.

Kinachokuja sasa ndo kinachowachanganya watu wa gemu na watu wa mikutano ya laptopu kuliko kitu chochote. Hedifoni inaimba vizuri, ukiingia kwenye simu au ukiwasha maiki kwenye gemu, ghafla besi inapotea, kila kitu kinakuwa chembamba kinatokea puani. Haijaharibika. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili tofauti: njia ya muziki, sauti nzuri lakini inaenda upande mmoja tu, na njia ya maongezi, inaenda na kurudi ila ni nyembamba. Ile ya maongezi ya zamani inachukua sampuli 8,000 kwa sekunde, iliyoboreshwa inachukua 16,000, linganisha na zile 44,100 za wimbo. Maiki ya hedifoni ikifunguka tu, na wewe unachosikiliza kinahamia njia hiyo hiyo. Dawa yake haina gharama: kwenye gemu au kwenye mkutano chagua maiki ya simu au ya laptopu yenyewe, hedifoni iachie kazi ya kusikiliza tu, sauti inarudi pale pale. Kwenye Windows 10 utaona hedifoni moja imejitokeza kwa majina mawili, moja stirio na moja ya maongezi, chagua stirio.

Hili tatizo linatatuliwa kweli na kile kinachoitwa LE Audio, kilichotangazwa 2020 pamoja na toleo la 5.2, chenye kodeki mpya LC3 inayotoa sauti nzuri kwa kilobiti chache na kuruhusu maiki bila kushusha muziki. Lakini simu na hedifoni lazima zote ziwe nacho, na kuandikwa 5.3 kwenye boksi siyo uthibitisho kwamba kimo, maana ni cha hiari.

Kuchelewa kwa sauti nitalipitia haraka. Kubana, kurusha, kuweka akiba kidogo ili ikikatika usisikie, kufungua, vyote vinachukua muda, mara nyingi kati ya sehemu 100 na 250 za elfu ya sekunde. Kwenye video huoni kwa sababu apu inaichelewesha picha isubiri. Kwenye gemu picha haiwezi kukusubiri, ndo maana umeshapigwa risasi na mlio unakuja baadaye. Ile "hali ya gemu" inapunguza akiba, kwaiyo kuchelewa kunapungua na kukata kata kunaongezeka. Wa gemu za kulipana nunueni ya waya.

Sasa spika na sikio. Mimi nikiambiwa nichague kati ya LDAC na vile vipira vya silikoni vinavyokaa vizuri, nachukua vipira bila kufikiria. Kwenye boksi huwa kuna saizi tatu na watu wengi hawajawahi kuzigusa mbili nyingine. Besi inahitaji hewa iliyofungiwa kati ya spika na ngoma ya sikio, ikipata mwanya hata mdogo inatoka, unabaki na sauti nyembamba ya juu, unapandisha voliumu, inakuwa kali, unasema hedifoni mbaya. Piga wimbo wenye besi, afu sukuma kidogo kwa kidole ile hedifoni iingie. Besi ikijaa ghafla, kipira chako ni kidogo, weka kikubwa. Na masikio ya mtu hayalingani, unaweza kukuta kulia unavaa cha kati na kushoto kikubwa, hakuna anayekuona. Sikio moja likianza kulia chini kuliko lingine baada ya miezi, kabla hujaenda kwa fundi vua kipira utazame ule wavu mdogo wa chuma kwenye mwanga, mara nyingi umezibwa na nta. Mswaki mkavu, taratibu, uelekeze tundu chini ili uchafu uanguke nje. Vile vidoti vya chaji navyo vifute jasho, ndo sababu nyingine ya sikio moja kuamka na chaji na lingine limekufa.

Wauzaji pia wanachanganya ENC na ANC, wengine kwa kutojua, wengine wanajua vizuri. ENC inasafisha sauti yako ili unayeongea naye asisikie kelele za barabarani, wewe haikusaidii kitu masikioni. ANC ndo inayokupunguzia kelele wewe, kwa kutoa wimbi la kinyume, na inafanya kazi zaidi kwenye mngurumo mzito wa kudumu, injini ya meli ya Nansio, basi la usiku, feni. Kelele za konda na mama anayeongea na simu siti ya nyuma zinapungua kidogo tu, hapo kipira kinachoziba ndo kinafanya kazi kubwa. Na ukiwa na kimya hicho hutahitaji kupandisha voliumu, maana Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na watu wa daladala tunavuka hapo kirahisi.

Kwaiyo ukiwa pale mezani unajaribisha, usikubali wimbo wake mmoja wa besi. Konekti na simu yako, weka wimbo unaoujua kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sukuma kwa kidole usikie kama kipira kinatosha. Simu ichomeke mfuko wa nyuma kulia, geuza shingo kushoto, kisha hamishia mfuko wa kushoto ugeuze kulia, mbele yake hapo hapo akikuona. Afu piga simu kwa mtu, muulize anakusikiaje na hizo pikipiki zinazopita, kwa sababu maiki ndo sehemu ambayo kopi nyingi zinabana matumizi, zinaiga kila kitu mpaka ile picha inayojitokeza kwenye iPhone ukifungua kiboksi, ila maiki wanaweka ya kujaza nafasi. Muuzaji wa maana atakuacha ufanye hayo yote huku anahudumia mwingine. Akianza na "bosi usizitumie sana zitaisha chaji", meza ya pili iko hatua tatu tu.